Picha za mwaka 2024: uchambuzi wa kisa cha mpiga picha mmoja wa Nairobi

Usuli

Mhusika wa kisa hiki ni mpiga picha wa kujitegemea anayeishi Nairobi. Jina lake, la mteja wake na la kiwanda cha uchapishaji yameondolewa, na baadhi ya tarehe za kazi zimesogezwa kidogo. Majina ya mahali yamebaki, kwa kuwa bila hayo kisa hakieleweki.

Hupiga picha za habari na pia za kampuni za utalii. Mwaka 2024 ulimpitisha Mathare wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei, Kigali mwanzoni mwa Juni, katikati ya jiji la Nairobi siku za maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, Maasai Mara mwezi Julai, Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana Agosti, kisha Amboseli na Lamu. Baina ya safari hizo kulikuwa na alfajiri kadhaa za soko la Wakulima, yaani Marikiti. Alitumia kamera mbili za megapikseli 24, na kufikia Novemba alikuwa na picha zipatazo 41,000, karibu zote za RAW, yaani faili ghafi za kamera zisizochakatwa.

Mwishoni mwa Oktoba kazi mbili zilimjia pamoja. Yeye mwenyewe alitaka kutoa mapitio ya mwaka: picha ishirini azipendazo, kila moja na maelezo yake, ziwe mtandaoni kabla ya Krismasi. Kampuni moja ya utalii nayo ikamtaka atengeneze kalenda ya ukutani ya 2025, ya A3, picha kumi na tatu pamoja na jalada, nakala 300, ifike ofisini Jumanne tarehe 10 Desemba. Tarehe hiyo ilikuwa na sababu. Alhamisi ya tarehe 12 ni Jamhuri, na baada ya hapo ofisi nyingi za Nairobi huanza kufungwa moja baada ya nyingine; kalenda ikifika tarehe 20 haina wa kuigawa.

Akaziona kazi hizo kuwa moja: achague picha bora za mwaka, kumi na tatu ziende kwa mteja, ishirini ziende mtandaoni. Uamuzi huo ndio uliozaa nusu ya matatizo yanayofuata. Nusu nyingine ilikuwa imekwisha kuzaliwa tangu Juni.

Mambo yalivyofuatana

Diski iliyotaka kufomatiwa

Picha za Januari hadi Juni zilikuwa kwenye diski ya nje ya 2TB, na nakala yake ilikaa nyumbani kwa ndugu yake mtaa mwingine. Za Julai kwenda mbele zilikuwa kwenye diski ya pili tu, na kadi zilizopigiwa zilikuwa zimeshafutwa na kutumika tena.

Mapema Novemba diski ya pili ilichomolewa kwenye kompyuta ikiwa bado inaandika. Ilipochomekwa tena, Windows iliiona lakini ikasema ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Ujumbe huo umewaponza wengi. Diski ilikuwa na mfumo wa exFAT, ambao watu huupenda kwa sababu hufunguka kwenye Windows na kwenye Mac. Ubaya wake ni kwamba hauweki kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, tofauti na NTFS. Waya ukikatika katikati ya kuandika, jedwali linaloonyesha faili ipi imelala wapi linaweza kuharibika ilhali picha zenyewe zipo palepale.

Hakufomati. Hakuendesha programu ya Windows ya kurekebisha diski, ambayo huandika juu ya jedwali hilo hilo lililovurugika. Alianza kwa kunakili diski nzima kama ilivyo, kwa programu ya bure ya ddrescue, kwenda kwenye diski mpya ya 4TB. Programu hiyo husoma kwanza sehemu zisizo na shida, huziacha kaidi za mwisho, na huandika kwenye faili ndogo ya ramani mahali ilipofika. Kusoma 2TB kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde huchukua saa tano na nusu. Stima ilipotea kazi ikiwa katikati. Iliporudi, ddrescue ikaisoma ramani na kuendelea ilipokomea.

Kwenye nakala hiyo, si kwenye diski asilia, akaendesha PhotoRec, programu ya kuokoa faili. Hii hailijali jedwali. Hutafuta alama za mwanzo wa kila faili na kuitoa. Gharama yake ni majina: kila faili hutoka ikiitwa herufi f na mkia wa tarakimu. Folda ya Loiyangalani ilikuwa na picha 3,900 hivi, na zilizorudi nzima ni karibu 3,600. Nyingi ya zilizobaki zilirudi na nusu ya juu ikiwa picha, nusu ya chini ikiwa kijivu kitupu. Sababu ni mazoea ya kufutafuta. Alikuwa akiondoa picha mbaya moja moja kwenye diski hiyo hiyo, kisha anamimina safari mpya, na faili mpya zikaenda kujaza mapengo vipande vipande. PhotoRec huchukulia kwamba faili imelala mahali pamoja. Diski inayojazwa kwa mfuatano bila kupunguzwa katikati huokolewa karibu yote.

Katalogi ya Lightroom Classic, programu aliyotumia kupanga na kuhariri picha, ilikuwa kwenye kompyuta, salama, pamoja na nyota na uhariri wote. Lakini katalogi huitafuta picha kwa jina na folda, na majina hayakuwapo tena. Kuyarudisha yote 3,600 kungemla wiki nzima. Akaamua kuokoa picha 58 tu, zile zilizokuwa na nyota nne au tano: alisoma kwenye katalogi saa, dakika na sekunde ya kila moja, akatafuta faili iliyookolewa yenye sekunde ile ile, akaipa jina lake la zamani na kuielekezea katalogi. Ilimchukua jioni mbili. Tatu kati ya hizo 58 zilikuwa za nusu kijivu. Zilizoziokoa ni zile nakala ndogo ambazo Lightroom hutengeneza ikiombwa, zenye pikseli 2,560 upande mrefu, ambazo zinatosha kabisa mtandaoni lakini kwa ukurasa wa A3 hazitoshi.

Mvuvi aliyerudi kabla ya kwenda

Alipozipanga picha za Ziwa Turkana kwa saa, mvuvi mmoja alionekana akishusha samaki ufukweni kabla hajauingiza mtumbwi majini. Kamera mbili zilikuwa zinapingana kwa saa moja.

Chanzo ni Kigali. Rwanda iko saa moja nyuma ya Kenya. Alipofika huko alirudisha nyuma saa ya kamera ya pili peke yake, na aliporudi Nairobi hakuigusa tena. Kwa hiyo picha za kamera ya kwanza zilizopigwa Kigali zilikuwa mbele kwa saa moja, na picha za kamera ya pili zilizopigwa Kenya tangu hapo hadi Novemba zilikuwa nyuma kwa saa moja. Ni makosa mawili yanayokwenda pande tofauti, na anayerekebisha moja kwa pupa huliongeza la pili.

Kwa tembo wa Amboseli saa moja si kitu. Kwa tarehe 25 Juni ni jambo zito. Siku hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na picha ya Parliament Road iliyoandikwa saa saba na dakika arobaini mchana ilhali ilipigwa saa nane na dakika arobaini inasimulia kisa kingine kabisa.

Kabla hajarekebisha saa ya kamera yoyote, alizielekeza zote mbili kwenye skrini ya simu inayoonyesha sekunde na kupiga picha. Tofauti ilikuwa saa moja na sekunde 40. Angerekebisha kamera kwanza, kipimo hicho kingepotea.

Njia ya haraka ingekuwa ExifTool, ambayo huongeza muda kwa maelfu ya faili kwa amri moja. Aliiacha, kwa sababu huandika ndani ya faili yenyewe. Picha za maandamano zinaweza kuombwa na wachunguzi au na mahakama, na faili ya RAW iliyoguswa huzua maswali ambayo faili isiyoguswa haizui. Alirekebisha ndani ya katalogi tu, baada ya kuhakikisha ule mpangilio unaoruhusu Lightroom kuandika tarehe mpya kwenye faili za RAW umezimwa. Chaguo la kusogeza kwa saa nzima halikumfaa kwa sababu ya zile sekunde 40. Alitumia lile la kuiwekea picha ya kwanza saa kamili, na nyingine zote zilizochaguliwa zikasogea kwa kiasi hicho hicho.

Mpangilio wa kazi ulimsaidia bila yeye kukusudia. Angerekebisha saa za katalogi kabla ya kurudisha majina ya zile picha 58, sekunde zisingelingana na faili zilizookolewa, na angebaki kubahatisha kwa macho.

Uteuzi

Kutoka picha 41,000 hadi 1,100 hakukuwa na kazi, nyota zilikuwa zimewekwa baada ya kila safari. Kutoka 1,100 hadi 180 alipita kwa kasi kwenye skrini. Baada ya hapo akakwama kwa siku tano, kila picha ikionekana haiachiki.

Kilichomkwamua ni karatasi. Alichapisha 60 za ukubwa wa kawaida wa studio, sentimita 10 kwa 15, akazitandaza mezani na kumwita mhariri wa picha ambaye hakuwahi kusafiri naye. Mhariri hakuambiwa picha imepigwa wapi wala imepatikana vipi. Ndani ya saa moja aliweka kando picha ya nyumbu wakivuka Mto Mara, ambayo mpiga picha aliipa nyota tano. Aliisubiri kwa muda mrefu juani na ilimgharimu fedha nyingi, lakini vumbi, kingo za mto na nyumbu aliyerukia maji ni vile vile ambavyo kila msomaji ameviona tangu utotoni.

Mhariri aliokota picha ya nyota mbili ya Marikiti. Mwanamke ameinamia gunia la kabeji, mikono yote miwili imeshika pembe za gunia, na noti ya elfu ameibana kwa meno. Nyuma yake mkokoteni umekata fremu kwa mshazari, na mwanga wa taa ya lori umemwangukia shavu moja. Mpiga picha aliishusha daraja kwa sababu ukali wa picha uko kwenye noti badala ya macho. Mhariri akasema ndipo unapopaswa kuwa. Ilikuwa ya kwanza kwenye mapitio.

Tatizo la kuziona kazi mbili kama moja lilijitokeza hapo. Kati ya ishirini bora, sita zilihusu mafuriko na maandamano. Kampuni ya utalii haiwezi kuweka moshi wa vitoza machozi kwenye Aprili. Isitoshe, kalenda ina masharti ambayo mapitio hayana: picha iwe ya mlalo, ivumilie kutazamwa siku thelathini, na isimwaibishe mwenye ofisi kwa msimu. Nyumbu wa Mara mwezi Januari humchekesha mteja yeyote anayejua kwamba uhamaji hufika Kenya kati ya Julai na Oktoba. Jakaranda za Nairobi zilikwenda Oktoba. Ilibidi aanze uteuzi wa kalenda upya kutoka zile 180, na ni picha nne tu zilizotokea kwenye kazi zote mbili.

Idhini

Sehemu hii ndiyo iliyokula muda mwingi kuliko zote, na wapiga picha wengi wa hapa huipita kwa kufumba macho.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huiona picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi. Inatoa nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, kwa hiyo mapitio yalikuwa na pa kusimamia. Kalenda ya kampuni ni biashara, na hapo sheria inataka idhini ya wazi ya mhusika. Kwa mtoto, idhini ya mzazi au mlezi. Si maandishi ya kabatini tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutoa picha ya mteja wake.

Kati ya picha kumi na tatu za kalenda, tano zilikuwa na watu wanaotambulika. Tatu, za Lamu na za kambi moja ya Mara, zilikuwa na fomu zilizotiwa sahihi siku ile ile. Ya nne ilikuwa ya kijana aliyepigwa akipita njia, haijulikani ni nani, ikatolewa. Ya tano ilikuwa ya mama na mtoto ufukweni Loiyangalani, shuka limejaa upepo, na ndiyo iliyopangiwa jalada.

Mpiga picha alimpigia mwongozaji wake wa kule. Alieleza kwamba safari hii picha inakwenda kutundikwa ofisini, kampuni inalipa, na mama atalipwa. Baada ya siku mbili mwongozaji akapiga: “Mama amekubali kwa upande wake. Lakini mambo ya mtoto anasema mngoje baba yake, bado yuko na mifugo.” Baba alirejea baada ya siku sita. Alikubali, ila akataka kuiona picha kwanza. Ilitumwa kwa simu ya mwongozaji, na idhini ikarekodiwa kwa sauti kwa lugha yao, na tafsiri fupi ya Kiswahili mwishoni. Siku nane zikawa zimekwenda.

Ruhusa za mahali zilikuwa nyepesi zaidi, ila zina mtego mmoja: hifadhi zinazosimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) zina masharti yake kwa picha za kibiashara, Maasai Mara iko chini ya Kaunti ya Narok, na hifadhi za jamii au za watu binafsi kila moja ina yake. Barua ya mmoja haimfungi mwingine.

Kiwandani

Kiwanda kilikuwa cha mitaa ya River Road. Mpiga picha aliuliza watumie wasifu gani wa rangi, yaani faili inayoeleza jinsi wino na karatasi vinavyotoa rangi, akajibiwa atume PDF tu. Jibu hilo ni la kawaida na halina ubaya wa makusudi, lakini linamwachia mteja hesabu zote. Alitumia FOGRA39, wasifu uliozoeleka wa ofseti kwenye karatasi laini iliyopakwa, na karatasi yenyewe ikawa ya gramu 170 isiyong’aa.

Sampuli ya kwanza ilitoka na kasoro nne.

Picha zote zilikuwa nyeusi. Skrini yake ilikuwa imewashwa mwanga wote, na karatasi haina taa nyuma yake. Alipoipima kwa kifaa na kuishusha hadi karibu kandela 100 kwa mita ya mraba, aliona kwenye skrini giza lile lile la sampuli.

Bluu ya Ziwa Turkana ilikuwa zambarau. Bluu kali haipo kwenye wino nne za uchapishaji. Saiani, wino wa bluu-kijani, ikichanganyika na majenta nyingi, wino wa waridi kali, jicho huona zambarau. Alipunguza majenta kwenye bluu peke yake na kukubali ziwa lenye rangi tulivu zaidi.

Nyuso za watu zilikuwa na majivu. Ngozi nyeusi ikigeuzwa kwa wino hubeba saiani nyingi kwenye vivuli, na kwenye karatasi isiyong’aa saiani hiyo hutoka kama vumbi. Alipunguza saiani kwenye ngozi, akainua vivuli kidogo bila kugusa sehemu zenye mwanga. Hapa usiamini skrini wala taa za mirija za karakana. Sampuli ya pili aliitazama karibu na dirisha, asubuhi, kivulini.

Na waya wa kufungia kurasa ulikuwa umepita kwenye kilele cha Kilimanjaro. Picha ya kamera ina uwiano wa 3:2 na A3 ni pana kwa mara 1.414 ya kimo chake, kwa hiyo lazima upunguze karibu asilimia 6 ya upana. Juu ya hapo, mashimo ya waya huhitaji milimita 12 hivi zisizo na kitu cha maana, na kingo zote hutaka milimita 3 za kukatwa. Picha iliyobanwa juu kwenye kamera haina pa kukimbilia.

Picha moja ya faru ilikataliwa na hesabu. Ilikuwa imekatwa sana hadi kubaki na pikseli 2,400 kwa 1,600. Kimo cha A3 ni inchi 11.7, 1,600 kwa 11.7 ni kama 137 kwa inchi, na kalenda ya kutazamwa kwa karibu inataka 300, au 200 kwa shida. Zile tatu za nusu kijivu zilianguka kwa sababu hiyo hiyo.

Sampuli ya pili ilifichua kosa lisilo la picha. Kiolezo cha tarehe kilikuwa cha zamani na kiliandika Utamaduni kwenye 10 Oktoba, ilhali mwaka huo huo wa 2024 siku hiyo ilibadilishwa kuwa ya Mazingira. Aliyeliona ni karani wa mteja.

Matokeo

Kalenda zilifika Ijumaa tarehe 13 Desemba, siku tatu baada ya ahadi. Mteja alizipokea zote 300 lakini akafuta nyongeza ya nakala 100 aliyokuwa ameitaja, kwa kuwa baadhi ya wateja wake wa nje ya Nairobi walikuwa wamekwisha kuondoka. Gharama ya sampuli ya pili ilibaki kwa mpiga picha.

Mapitio yalitoka tarehe 18. Picha zilitolewa kwa pikseli 2,048 upande mrefu, kwa wasifu wa rangi wa sRGB, kwa sababu baadhi ya vivinjari na simu huonyesha wasifu wa Adobe RGB kwa rangi zilizofifia. Picha ya faru iliondolewa viwianishi vya GPS, na maelezo yakataja kaunti tu, si bwawa wala lango. Za maandamano zilichaguliwa zisizo na uso unaotambulika: migongo, bendera, viatu vilivyoachwa Kenyatta Avenue. Kulikuwa na picha kali zaidi ya kijana akitazama kamera, na kuiacha kulimuuma, lakini kufikia Desemba watu walikuwa wamekamatwa na wengine kutoweka, na picha inayomweka mtu mahali fulani dakika fulani haiwezi kurudishwa ikishatoka.

Kosa moja lilipenya. Mwanamke aliyepigwa njiani kati ya Marsabit na ziwa aliandikwa kuwa Msamburu, ni Mrendille. Mtu wa Marsabit alipiga simu siku ya pili na maelezo yakarekebishwa.

Uchambuzi

Kilichofanyika vizuri kabisa ni saa za kwanza za diski. Kunakili kwanza, kuokoa baadaye, na kuokoa kinachohitajika tu badala ya kila kitu. Wengi hufanya kinyume: huendesha programu tatu za kuokoa kwenye diski yenyewe, kila moja ikiandika humo humo.

Mhariri wa nje naye alistahili malipo yake, ambayo yalikuwa madogo. Mpiga picha huiona picha pamoja na barabara ya Baragoi, tairi lililopasuka na vumbi la kooni. Msomaji haoni hayo. Hata hivyo tusimpe mhariri neno la mwisho katika kila jambo: alitaka pia kuondoa picha ya godoro likianikwa juu ya bati Mathare, akisema haina tukio, na mpiga picha akakataa. Alikuwa sahihi. Ilikuwa picha pekee ya mafuriko iliyoonyesha siku za baadaye, watu wakianza upya na walichonacho.

Siku zilizopotea hazikupotea kwenye picha. Ukizihesabu, nane zilikwenda kwenye idhini ya jalada, tano kwenye uteuzi uliokwama, nne kwenye diski, na mbili kwenye sampuli ya pili. Idhini ya Loiyangalani ingepatikana Agosti kwa dakika kumi, baba akiwepo, kama picha ingeonyeshwa pale pale nyuma ya kamera na swali la biashara likaulizwa mapema. Fomu ya habari haitoshi. Iwe na mstari wa kalenda, matangazo na mtandao, mtu achague anachokubali. Kwa wasiosoma, sauti kwenye simu inatosha ikiwa inataja jina, tarehe, mahali, matumizi na malipo.

Kosa la Msamburu na Mrendille lina chanzo hicho hicho. Maelezo yaliandikwa Desemba kwa kukumbuka. Marsabit ina Warendille, Wagabra, Waborana, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo miongoni mwa wengine, na shanga za mtu wa mbali haziwezi kukuambia yeye ni nani. Linaloulizwa ni swali moja tu kabla ya kuagana, na jibu huandikwa jioni ile ile kwenye metadata ya picha, yaani taarifa zinazosafiri ndani ya faili, wakati wa kuzihamisha, pamoja na jina la kijiji kama wenyeji wanavyoliita.

Kuhusu saa, dawa ni kuziacha kamera zote kwenye saa za Nairobi mwaka mzima, popote uendapo, na kurekebisha kwenye katalogi ukirudi. Anayependa kubadilisha abadilishe zote, na apige picha ya simu yake kila mwanzo wa safari. Ni fremu moja tu ya kutupa.

Diski ya pili ilihitaji diski ya tatu. Kanuni inayojulikana ni nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba, na mpiga picha huyu aliikaribia hadi Juni, akiwa na nakala mbili, moja nje ya nyumba. Aliacha Julai kwa sababu diski ya nakala ilijaa na hakununua nyingine. Bei ya ile ya 4TB aliyoinunua kwa dharura Novemba ingemnunulia amani ya miezi minne, na kadi zisingefutwa kabla ya nakala ya pili kuthibitishwa.

Uchapishaji ungewahi kama sampuli ya kwanza ingekuwa ya picha mbili tu, moja ya bluu na moja ya ngozi, wiki ya kwanza ya Novemba, wakati idhini bado zinasubiriwa. Kiwanda kingemtoza kidogo na kasoro tatu kati ya nne zingejulikana mapema.

Mkataba ndio uliomlinda zaidi ya alivyotarajia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya humpa aliyeagiza kazi hakimiliki yake pale mkataba unapokaa kimya, na kampuni zinalijua hilo. Picha hizi zilikuwa zimepigwa kabla ya oda, na mkataba ulisema wazi kwamba kampuni inapewa ruhusa ya kalenda ya 2025, nakala 300, basi. Januari kampuni iliomba kuiweka picha ya jalada kwenye bango la barabara ya uwanja wa ndege. Bei ikajadiliwa upya, na mwongozaji wa Loiyangalani akapigiwa tena, kwa kuwa wazazi walikuwa wamekubali kalenda na si bango.